Mwaka 2000 na kompyuta za mafao Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kila ninapozungumzia jinsi Marekani ilivyoandaa kompyuta za kulipa wazee, wajane, watu wenye ulemavu na waliokosa ajira kabla ya Januari 1, 2000. Wengi wanaouliza ni vijana wa TEHAMA ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa, na karibu wote huanza na neno lile lile: "Si ilikuwa kelele tu?" Swali hilo nimelijibu huko chini. Ukilisoma kabla ya yaliyolitangulia, jibu halitakusaidia sana.

## Mambo ya msingi

Tatizo lenyewe lilikuwa nini?

Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo 1967 ilikuwa 67 tu. Maadamu mko ndani ya karne moja, hesabu hutoka sawa. Ukifika mwaka 2000, kompyuta inaona 00, na kwake 00 ni ndogo kuliko 99. Kesho inakuwa nyuma ya jana.

Tuchukue mtu aliyezaliwa 1930, ambaye mwaka 2000 anatimiza miaka 70. Programu inatafuta umri wake kwa kutoa: 00 toa 30, jibu ni hasi 30. Sasa angalia kinachofuata. Katika lugha ya COBOL, ambayo ndiyo iliyoandikia sehemu kubwa ya mifumo ya malipo, nafasi ya namba isipotangazwa kuwa na alama, alama ya kutoa hudondoka na inabaki namba tupu. Hasi 30 inageuka 30. Mzee wa miaka 70 amekuwa kijana wa miaka 30, na kijana wa miaka 30 hana haki ya mafao ya uzeeni. Hakuna taa nyekundu inayowaka wala ujumbe wa hitilafu unaotokea. Jina lake linaachwa nje ya orodha ya malipo kimya kimya.

Waliandika tarakimu mbili kwa uzembe?

Hapana. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt Agosti 14, 1935, na kumbukumbu za mamilioni ya wafanyakazi zikaanza kutunzwa kwenye kadi za kutobolewa. Kadi ya kawaida ilikuja kuwa na safu 80, basi. Jina, namba, mshahara na tarehe, vyote viliingia humo. Kuandika "19" kwenye kila tarehe kulimaanisha kupoteza safu mbili kwa jambo ambalo kila karani alilijua. Kadi zilipobadilishwa kuwa tepu na diski, kumbukumbu ya kompyuta bado ilikuwa ghali mno, na mtindo ukaendelea.

Walioandika programu hizo miaka ya 1960 na 1970 waliamini zitakuwa zimeshatupwa kabla ya karne kuisha. Hazikutupwa. Programu inayolipa watu kwa usahihi hakuna bosi anayekubali kuigusa.

Kwa nini mafao yawe na hatari kuliko mifumo mingine?

Kwa sababu mafao, ukiyachambua, ni hesabu za tarehe: umri, miaka ya kuchangia, siku ulemavu ulipoanza, siku ya ndoa, siku ya kifo cha mwenza, siku mtoto anapotimiza miaka 18. Sababu ya pili ni mpokeaji mwenyewe. Benki ikikosea, mteja wake ana akiba ya kusogeza wiki. Anayeishi kwa hundi ya mwezi hana.

Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, kwa kifupi SSA, wakati huo ilikuwa inalipa watu takriban milioni 50 kila mwezi.

Nitasema na la kwangu. Miaka iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja ya malipo nikisubiri zamu, mbele yangu mzee mwenye mvi kichwa kizima. Karani, binti mdogo mwenye adabu, alimwambia, "Shikamoo babu, samahani, mfumo unasema bado hujafikisha umri." Mzee akavua kofia, akainamisha kichwa ili binti aone. Binti aliona. Hakuwa na kitufe cha kubonyeza. Kosa lilikuwa la mwaka wa kuzaliwa ulioingizwa vibaya, na mzee alirudi mara tatu. Ninaposoma habari za watu milioni 50, huwa namwona huyo mmoja na kofia yake mkononi.

## Kazi ilivyofanyika

SSA ilianza lini kujiandaa?

Mwaka 1989, miaka kumi na ushee kabla. Hawakuota. Programu ya kurejesha fedha walizolipwa watu kwa kuzidi ilianza kugoma. Mdaiwa akipangiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ratiba yake ilivuka 1999, na kompyuta ikashindwa kupata tarehe ya mwisho wa deni. Wataalamu waliofuatilia hitilafu hiyo ndogo waliona kwamba kila kitu kingine kingefika hapo hapo.

Hili kwangu ndilo somo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu: kompyuta haisubiri kalenda. Siku inapohesabu tarehe iliyo ng'ambo ya ukomo, ukomo umeshafika. Nitalirudia kwenye swali la mafao ya kukosa ajira, maana huko lilitokea mbele ya macho ya kila mtu.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho ilikuwa ipi hasa?

Zilikuwa nyingi. Serikali ya shirikisho ilitaka mifumo muhimu yote iwe tayari Machi 31, 1999, ili ibaki miezi tisa ya kujaribu. Majimbo mengi huanza mwaka wa fedha Julai 1, kwa hiyo bajeti zao zilianza kusoma "2000" tangu Julai 1999. Mwaka wa fedha wa shirikisho unaanza Oktoba 1. Mafao ya kukosa ajira yalikuwa na tarehe yake, Januari 4, 1999. Baada ya mkesha wenyewe kulikuwa bado na Februari 29, 2000. Ofisi iliyobandika ukutani Desemba 31 peke yake ilikuwa imechelewa tayari.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani?

SSA ilihesabu mifumo muhimu 308, yenye zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, yaani maagizo ya programu. Kila mstari unaogusa tarehe ulipaswa kutafutwa, na si kila tarehe imeitwa "tarehe". Mwandishi mmoja aliiita DT, mwingine YR, mwingine akaipa jina la herufi tatu analolijua yeye na Mungu wake, na keshastaafu.

Walirekebisha vipi?

Kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupanua: kila nafasi ya mwaka inakuwa ya tarakimu nne, kwenye programu na kwenye hifadhidata. Ni safi, na ni ghali, kwa sababu faili zote hubadilika urefu na kila programu inayozisoma lazima ibadilishwe pamoja nazo.

Ya pili huitwa dirisha. Unaacha tarakimu mbili zilivyo, unaongeza kanuni: kwa mfano 00 hadi 49 zisomwe 2000 hadi 2049, na 50 hadi 99 zisomwe 1950 hadi 1999. Haigusi data, inafanyika haraka, na kwa tarehe nyingi za kawaida, kama siku ya kutoa hundi, inatosha.

Kwa nini wasitumie dirisha kila mahali, wamalize mapema?

Kwa sababu ya watu kama Ida May Fuller. Huyu mama wa Vermont ndiye aliyepokea hundi ya kwanza ya kila mwezi ya Hifadhi ya Jamii, Januari 31, 1940, dola 22.54. Alizaliwa 1874 na aliishi hadi miaka 100. Mwaka 1974 orodha ya malipo ingeweza kuwa na bikizee aliyezaliwa 74 na kichanga kilichofiwa na baba, naye kazaliwa 74. Dirisha lina upana wa miaka 100 tu, haliwezi kuwatofautisha.

Ndiyo maana kwa tarehe ya kuzaliwa dirisha ni hatari. Mfumo wa uzeeni ni mahali ambapo watu wa miaka 100 wapo kweli, wana majina na anwani, na wanasubiri fedha zao.

Walijaribuje kitu ambacho hakijatokea?

Kwa kutenga sehemu ya kompyuta kuu, mbali na malipo halisi, na kusogeza saa yake mbele. Humo ndani ilikuwa tayari Januari 2000. Waliendesha malipo ya mwezi mzima, wakavuka mkesha, wakavuka Februari 29, kisha wakalinganisha matokeo na yale ya kompyuta ya kweli mstari kwa mstari. Kazi hii ya kujaribu ndiyo iliyokula muda mwingi zaidi. Kurekebisha msimbo ni sehemu fupi. Kuthibitisha kwamba hukuharibu kitu kingine ndiko kunakochosha.

Je, sheria mpya ziliendelea kutekelezwa katikati ya kazi hiyo?

Baadhi zilisubiri. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya bajeti ya 1997 yenye mabadiliko mengi ya malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu, na mwaka 1998 shirika lililosimamia Medicare likatangaza kuwa baadhi ya mabadiliko hayo yataahirishwa ili mafundi wamalize kwanza kazi ya mwaka 2000. Ulikuwa uamuzi mgumu kisiasa, na naamini ulikuwa sahihi. Huwezi kubadilisha injini huku mwingine anapaka gari rangi.

## Majimbo, Medicare na washirika

Ni kweli SSA yenyewe ilisahau kitu?

Ni kweli. Oktoba 1997 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliisifu SSA kwa kutangulia, kisha ikaonyesha pengo. Anayeomba mafao ya ulemavu haamuliwi na SSA moja kwa moja. Faili lake hupelekwa kwenye ofisi za majimbo, 54 kwa jumla, zinazopima ushahidi wa daktari na kuamua. Ofisi hizo zilikuwa na kompyuta na programu zao, na hazikuwemo kwenye hesabu ya kwanza. SSA ingeweza kuwa tayari kabisa, na bado ombi la mtu mwenye ulemavu likakwama mlango wa kwanza.

Baada ya hapo ofisi hizo ziliingizwa kwenye mpango na kufuatiliwa. Ukiandaa mfumo wowote wa mafao leo, anza kwa kuchora njia yote ya faili, kutoka mikononi mwa mwombaji hadi benki. Mpaka wa idara yako si mpaka wa kazi yako.

Kwa nini mafao ya kukosa ajira yalifikiwa mwaka mzima mapema?

Aliyepoteza kazi akiomba mafao, kompyuta humfungulia "mwaka wa mafao" wa wiki 52 na kuandika papo hapo siku utakapoisha. Siku ya kazi ya kwanza ya 1999 ilikuwa Jumatatu, Januari 4. Aliyejiandikisha asubuhi hiyo alipaswa kuandikiwa mwisho ulio Januari 2000. Mfumo usiojua 2000 ungemkataa hapo hapo, siku 362 kabla ya mwaka wenyewe kufika.

Mifumo hii iliendeshwa na majimbo na maeneo 53. Mengi yaliwahi. Machache yaliyochelewa yalitumia hila ya muda: kuandika Desemba 31, 1999 kama mwisho wa mwaka wa mafao, kisha kusahihisha baadaye. Siidharau hila hiyo. Iliwapa watu fedha zao.

Na msaada wa chakula na Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini?

Huko ndiko kulikotisha. Mipango hii hugharimiwa kwa sehemu kubwa na shirikisho lakini huendeshwa na majimbo, na kila jimbo lina mfumo wake. Novemba 1998 GAO ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa ni takriban theluthi moja tu ya mifumo ya majimbo ya kusaidia watu wa kipato cha chini ndiyo iliyokuwa tayari. Kulikuwa kumebaki miezi 13.

Waliokuwa nyuma kwenye orodha ni wale wanaowahudumia watu wasio na sauti, na hilo linauma.  Shirikisho likatuma wakaguzi jimbo kwa jimbo mwaka 1999.

Medicare je?

Ilihudumia watu karibu milioni 39, na madai ya hospitali na madaktari yalichakatwa na kampuni binafsi zenye mikataba, kila moja na mifumo yake. Serikali haikuwa na ufunguo wa vyumba hivyo vya kompyuta. Ilibidi kubembeleza, kukagua na kushinikiza kwa wakati mmoja. Kwenye kadi za alama alizotoa mbunge Stephen Horn wa California, SSA ilipata A, na wizara iliyobeba Medicare iliwahi kupata F.

Ukishatengeneza mfumo wako na mwenzako hajatengeneza, inakuwaje?

Mnatumiana faili za urefu tofauti. Wewe unatuma mwaka wa tarakimu nne, yeye anasoma mbili na kuzihamishia mbili nyingine kwenye nafasi ya kiasi cha fedha. Suluhisho lilikuwa programu ndogo za katikati, zilizoitwa madaraja, zinazobadilisha muundo njiani. Kila daraja lilihitaji makubaliano ya maandishi: nani anatuma nini, kwa muundo gani, kuanzia lini.

## Siku yenyewe

Kulikuwa na mpango gani endapo kompyuta zingekwama?

SSA iliandika mpango wa kuendelea na kazi kwa kila huduma, ikiwemo kufanya kazi kwa karatasi katika ofisi zake takriban 1,300. Kulikuwa pia na mpango wa siku ya kwanza unaoeleza nani awe kazini mkesha, nani afungue jengo lipi, nani ajaribu umeme, simu na lifti, na taarifa zimfikie nani. Pamoja na Hazina, walipanga namna ya kumlipa mtu ambaye benki yake ingeshindwa kupokea.

Hapo sifa nazitoa kwa waliokumbuka lifti.

Malipo ya Januari 2000 yalifika?

Yalifika. Rais Bill Clinton alikuwa ametangaza tangu Desemba 28, 1998 kwamba mfumo wa Hifadhi ya Jamii uko tayari, na malipo yalikuwa yakipita kwenye programu zilizorekebishwa kwa zaidi ya mwaka. Kundi la SSI, yaani wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo sana, hulipwa tarehe 1. Ikiangukia sikukuu, hulipwa siku ya kazi inayotangulia, kwa hiyo wao walipata kabla mwaka haujaisha. Wastaafu wanaolipwa tarehe 3 walilipwa Jumatatu, Januari 3, 2000.

Sasa, haikuwa kelele tu?

Haikuwa. Ile hitilafu ya 1989 ilitokea. Kuanzia Januari 4, 1999 mifumo ya kukosa ajira iliyokuwa haijarekebishwa ililazimika kutumia hila ili watu walipwe. Na pale ambapo kazi haikukamilika, watu waliumia. Nchini Uingereza, kompyuta ya maabara moja ya hospitali huko Sheffield ilikokotoa vibaya umri wa wajawazito baada ya kuvuka mwaka, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu hatari ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Down. Kosa lenyewe ni lile lile la kutoa mwaka wa kuzaliwa.

Serikali ya shirikisho ya Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 8 kwa ujumla. Inawezekana sehemu ya fedha hizo ilipotea kwa washauri wasio na kazi, sitabisha. Lakini mtu anayechukua ukimya wa Januari 3 kuwa ushahidi kwamba kazi haikuhitajika, amekosea hesabu. Ukimya ule ndio bidhaa iliyonunuliwa.

## Maswali ya pembeni

Februari 29, 2000 ilikuwa na ugumu gani?

Mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, yaani una Februari 29. Unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ukigawanyika pia kwa 400. 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa. Mwanaprogramu aliyejua kanuni moja tu alipatia kwa bahati. Aliyejua mbili alikosea, na aliyejua tatu alipatia. Tena kulikuwa na Desemba 31, 2000, siku ya 366, ambayo programu zinazohesabu siku kwa namba zilipaswa kuikubali.

Na Septemba 9, 1999?

Baadhi ya wanaprogramu walitumia 9/9/99 kumaanisha "mwisho wa faili" au "hakuna tarehe". Siku hiyo ilipita bila madhara makubwa. Iliangaliwa, basi.

Waliotumia dirisha wamepona moja kwa moja?

La. Dirisha la 49 na 50 nililolitaja juu linaishia 2049. Anayeanza kazi leo akiwa na miaka 22 atakuwa bado kazini siku hiyo. Mkiona kanuni ya namna hiyo ndani ya msimbo wenu, iandikeni kwenye daftari la mfumo pamoja na mwaka inapokufa.

Je, lipo jingine linalokuja?

Lipo, na linatuhusu huku kwetu sawasawa na Marekani. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na ile inayotumia namba ya biti 32 haiwezi kuvuka sekunde 2,147,483,647. Zitaisha Januari 19, 2038, ambapo saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mifumo hiyo itasoma Desemba 1901.

Tumia somo la 1989. Mtumishi aliyezaliwa 1980 atatimiza miaka 60 mwaka 2040, na mfumo wa mafao unaweza kuombwa leo hii umkadirie siku ya kustaafu. Kwa hiyo jaribio halihitaji kusubiri. Fungua mfumo wa majaribio, si wa malipo halisi, weka mwanachama wa kubuni aliyezaliwa Machi 1980, uombe tarehe yake ya kustaafu, na uangalie inakuja Machi 2040 au inakuja kitu kingine. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye kila mfumo unaopokea faili kutoka kwenu.